Moyo unaposimamishwa ili utibiwe: unalindwaje, na kwa nini kazi hiyo inaanzia shehiani

Msikilizaji, huenda jambo hili limewahi kufika nyumbani kwenu au kwa jirani. Mtu amekuwa akichoka bila sababu. Akienda dukani anapumzika njiani mara mbili. Usiku hawezi kulala ila ainuliwe kwa mito, na miguu inavimba. Amekwenda kituo cha afya, kituo kimempeleka hospitali ya wilaya, na huko amepewa barua ya kwenda Mnazi Mmoja. Mwishowe anaambiwa kwamba valvu ya moyo imeharibika na inabidi avuke kwenda Dar es Salaam akafanyiwe upasuaji wa kufungua moyo.

Jioni familia inakaa barazani. Inazungumzwa nauli, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto. Lakini swali zito huulizwa mwisho, tena kwa sauti ya chini: ni kweli wanausimamisha moyo? Na wakishausimamisha, ukikataa kurudi?

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Ndiyo, katika upasuaji mwingi wa aina hii moyo husimamishwa kwa makusudi. Na kwa miaka zaidi ya 60 sehemu kubwa ya elimu ya upasuaji wa moyo imekuwa ikitafuta jambo moja: namna ya kuusimamisha bila kuuumiza, ili urudi ukiwa na nguvu zake. Makala hii inaeleza jinsi inavyofanyika, na kwa nini sisi wa Unguja tuna sehemu yetu katika kazi hiyo kabla mgonjwa hajapanda boti.

Kwa nini usimamishwe

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Fundi wa mashine ya boti hawezi kuifungua na kubadilisha vipuri huku inazunguka, na daktari naye ni vivyo hivyo. Akitaka kushona valvu mpya ndani ya moyo, anahitaji moyo uliotulia usio na damu ndani, ili aone anachoshona.

Lakini mwili hauwezi kungoja. Ubongo ukikosa damu dakika chache tu unaharibika. Ndiyo maana ikatengenezwa mashine ya moyo na mapafu. Mashine hii huchukua damu nyeusi inayorudi moyoni, huitia oksijeni, kisha huisukuma tena mwilini. John Gibbon aliitumia kwa mafanikio kumfanyia mgonjwa upasuaji huko Philadelphia, Marekani, tarehe 6 Mei 1953. Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba mwili unaweza kuishi kwa muda huku moyo na mapafu vimepumzishwa.

Hata hivyo mashine hiyo hulinda ubongo, figo na ini. Moyo wenyewe hubaki na shida yake. Moyo nao ni msuli, na msuli huo hulishwa na mishipa midogo inayotoka mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu wa damu. Daktari anapoubana mshipa mkuu kwa kibanio ili damu isiingie anapofanyia kazi, mishipa hiyo midogo nayo hukosa damu. Kuanzia hapo moyo uko na njaa. Ukiachwa katika joto la kawaida la mwili bila ulinzi wowote, baada ya kama dakika 20 sehemu za msuli huanza kuharibika moja kwa moja. Kubadilisha valvu huchukua muda mrefu kuliko huo.

Barafu na chumvi ya potasiamu

Ulinzi wa msuli wa moyo unasimama juu ya mambo matatu.

La kwanza ni kuusimamisha haraka. Moyo unaoendelea kupiga bila kulishwa humaliza akiba yake upesi. Kwa hiyo mara tu baada ya kubana mshipa mkuu, madaktari huingiza maji maalumu ya dawa katika mishipa inayolisha moyo. Ndani yake mna potasiamu nyingi. Potasiamu ni chumvi tunayoila kila siku katika ndizi, maji ya dafu na maharage, na kila chembe ya mwili inaihitaji. Chembe za msuli wa moyo hupiga kwa kutumia chaji ndogo ya umeme. Potasiamu ikizidi nje ya chembe hizo, mara nne au tano ya kiwango cha kawaida cha damu, chaji hiyo hupotea na msuli hulegea. Moyo husimama ukiwa umelegea, kama mtu aliyelala, na haukakamai. Kusimama peke yake hupunguza mahitaji yake ya oksijeni kwa karibu asilimia 90.

La pili ni ubaridi. Mvuvi wa Mkokotoni anajua kazi ya barafu: samaki aliyewekwa barafuni mapema hufika sokoni akiwa mzuri, na aliyechelewa kuwekwa haokolewi na barafu ya jioni. Maji ya dawa mara nyingi huingizwa yakiwa baridi ya nyuzi 4 hivi, na wakati mwingine barafu laini huwekwa kuzunguka moyo. Tofauti na samaki ni kwamba moyo huu uko hai. Haugandishwi. Unapozwa tu ili utumie kidogo sana.

La tatu ni kuulisha tena kwa zamu. Katika njia inayotumika sana, maji ya dawa huchanganywa na damu ya mgonjwa mwenyewe, na hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi. Ipo njia nyingine iliyobuniwa Pittsburgh, Marekani, kwa ajili ya watoto, inayoitwa del Nido. Siku hizi hutumiwa pia kwa watu wazima, na dozi moja huweza kutosha kwa takriban saa moja na nusu. Njia zote zina mpaka. Katika chumba cha upasuaji yupo mtu anayehesabu dakika tangu mshipa mkuu ulipobanwa, na huzitaja kwa sauti.

Elimu iliyopatikana kwa hasara

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Mwaka 1955 Denis Melrose na wenzake huko London walieleza namna ya kuusimamisha moyo kwa chumvi ya potasiamu. Wazo lilikuwa sahihi, lakini dawa waliyotumia ilikuwa kali mno. Baadaye ikaonekana kwamba inaudhuru msuli, na madaktari wengi wakaiacha.

Kwa miaka kadhaa madaktari wa upasuaji walifanya kazi haraka haraka, wakibana mshipa na kufungua kwa vipindi. Matokeo yake mengine yalikuwa ya kusikitisha. Mwaka 1972 Denton Cooley wa Houston, Marekani, alieleza hali aliyoiita moyo wa jiwe: upasuaji umekwisha, valvu imeshonwa vizuri, lakini moyo umekakamaa na hauwezi kupiga tena. Valvu ilikuwa nzima, ila msuli ulikuwa umekufa kwa njaa.

Hapo ndipo potasiamu ilipotazamwa upya, safari hii kwa kipimo kidogo. Katikati ya miaka ya 1970 hospitali ya St Thomas' ya London ilianza kutumia maji yake ya dawa, ambayo yalisambaa duniani na bado yanatumika. Mgonjwa wa Bumbwini au Makunduchi anayelazwa leo anafaidika na somo hilo.

Moyo unarudije

Sasa tulijibu lile swali la barazani. Valvu ikishashonwa, daktari huondoa hewa iliyobaki ndani ya moyo, kisha hufungua kibanio. Damu ya mgonjwa yenye joto huingia katika mishipa ya moyo na kuiosha potasiamu. Mara nyingi moyo huanza kupiga wenyewe ndani ya muda mfupi. Wakati mwingine hutetemeka bila mpangilio, na hapo hupewa mshtuko mdogo wa umeme ili upate mwendo wake. Mashine haizimwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, moyo ukipokea kazi yake hatua kwa hatua. Baadaye mgonjwa hupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, akiwa bado na mpira wa kupumulia.

Hatari ipo, na si haki kumficha mgonjwa. Kwa kawaida tatizo kubwa si moyo kukataa kabisa kuamka. Mara nyingi ni kwamba huamka ukiwa dhaifu, na siku mbili tatu za mwanzo huhitaji dawa za kuusaidia. Na hapa ndipo tunapofika kwenye hoja ya makala hii: moyo utakavyoamka hutegemea sana ulikuwa katika hali gani ulipofika mezani.

Msuli uliochoka ni mgumu kulinda

Chukua mtu aliyekaa na presha ya juu miaka kumi bila dawa. Moyo wake umekuwa ukisukuma damu kwa nguvu, na msuli umenenepa. Msuli mnene ni mgumu kulishwa na mgumu kupozwa. Maji ya dawa hufika vizuri upande wa nje, lakini tabaka la ndani hupata kidogo.

Chukua mwingine ambaye mishipa ya kulisha moyo imeziba kwa mafuta, labda ana kisukari au anavuta sigara. Maji ya dawa hupita njia ileile ya damu. Palipoziba damu, dawa nayo haipiti. Madaktari hulazimika kutafuta njia nyingine, kwa mfano kuingiza dawa kinyumenyume kupitia mshipa unaorudisha damu kutoka katika msuli wa moyo.

Au chukua mama wa miaka 30 ambaye valvu ya mshipa mkuu inavuja. Maji ya dawa yakiingizwa hapo yanavuja kuingia ndani ya moyo na kuutanua, badala ya kwenda kwenye mishipa midogo. Daktari atafungua mshipa mkuu na kuingiza dawa moja kwa moja katika midomo ya mishipa hiyo.

Yote hayo yanawezekana. Lakini kila moja huongeza dakika na huongeza hatari. Na moyo uliovuja kwa miaka mingi hutanuka kama mpira uliolegea. Daktari anaweza kushona valvu mpya kabisa na nguvu ya msuli isirudi.

Bado Unguja na pwani yote ya Afrika Mashariki vijana huharibika valvu kwa ugonjwa unaoanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hupata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria. Yasipotibiwa, kwa baadhi ya watoto mwili hujichanganya na kuanza kushambulia viungo vya miguu na mikono pamoja na valvu za moyo. Maumivu ya viungo hupona. Valvu hubaki na kovu, na kila homa hiyo ikirudi kovu huongezeka. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane na ugonjwa huu. Dawa yake kubwa ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Mtoto aliyekwisha kuugua hudungwa sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili homa isirudi.

Kwa nini tunavuka bahari

Tanzania ilianza upasuaji wa kufungua moyo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Mei 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, katika eneo hilohilo la Upanga, kwenye jengo lililojengwa kwa msaada wa China. Kwa watu wengi wa Unguja, safari ya India imegeuka kuwa safari ya boti ya kama saa mbili.

Wengine huuliza: kwa nini isiwe hapa hapa? Mbona hospitali mpya za wilaya zimejengwa? Swali ni zuri, na jibu lake linahusu msuli uleule wa moyo.

Maji ya dawa si kitu kigumu kupatikana. Kigumu ni vinavyoyazunguka: daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi aliyesomea moyo, mtaalamu wa kuendesha mashine ya moyo na mapafu, wauguzi wa chumba cha mahututi usiku na mchana, benki ya damu, maabara inayopima potasiamu kwa dakika chache, na umeme usiokatika. Juu ya hayo, timu hiyo inahitaji wagonjwa wa kutosha kila wiki. Mkono unaofanya kazi hii mara moja kwa mwezi husahau, na wakati wa kusitasita msuli wa moyo hauna subira.

Kuhusu umeme tuna kumbukumbu yetu. Mwezi uleule wa Mei 2008, Muhimbili ilipokuwa ikianza, hitilafu katika njia ya umeme kutoka bara iliiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mmoja. Disemba 2009 ikatokea tena, na safari hiyo giza lilidumu kama miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari ulipowekwa mwaka 2013 hali ilibadilika sana. Lakini hospitali inayosimamisha mioyo ya watu haiwezi kutegemea waya mmoja. Hospitali ya Tenwek, iliyoko kijijini Bomet nchini Kenya, hufanya upasuaji wa moyo mbali na mji mkuu, na kwa miaka mingi imekuwa na mtambo wake wa umeme wa maji. Mfano huo unaonyesha kwamba kijiji si kikwazo, maadamu matayarisho yametangulia.

Wanaotaka huduma hii iwepo kisiwani wana hoja ya kweli. Safari hugharimu familia, na mgonjwa wa dharura usiku hawezi kusubiri boti ya asubuhi. Lakini ukipanga kwa utaratibu, jengo la upasuaji halipaswi kuwa la mwanzo. La mwanzo ni mashine za kupima moyo kwa mawimbi ya sauti katika hospitali kama Kivunge na Makunduchi na watu wanaojua kuzisoma, penisilini isiyokatika, na dawa za presha zinazopatikana kila mwezi. Hayo yataokoa mioyo mingi zaidi, na mgonjwa atakayevuka atafika na msuli wenye nguvu. Kwa baadhi ya waliogunduliwa mapema, valvu iliyobana hupanuliwa kwa puto linaloingizwa kupitia mshipa wa paja, bila kufungua kifua wala kusimamisha moyo.

Baada ya kurudi nyumbani

La pili ambalo kisiwa lazima kiwe nalo ni uangalizi baada ya upasuaji. Aliyewekewa valvu ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, maisha yake yote. Dawa hiyo inahitaji kipimo cha damu kiitwacho INR mara kwa mara. Ikipungua, damu huganda kwenye valvu. Ikizidi, mgonjwa hutokwa damu. Kama kipimo kinapatikana mjini tu, mtu wa Nungwi au Kizimkazi ataruka miezi, na kazi yote ya chumba cha upasuaji inaweza kupotea.

Kwa wasichana na kina mama vijana jambo hili ni zito zaidi, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ipo valvu ya mnyama isiyohitaji dawa hiyo maisha yote, lakini kwa mtu kijana huchakaa baada ya miaka kadhaa na huenda akahitaji upasuaji wa pili. Uamuzi huu uzungumzwe kabla ya upasuaji. Mwanamke mwenyewe awepo na aulizwe anataka nini. Asiamuliwe na wazee peke yao.

Nini cha kufanya sasa

Mtoto akiwa na koo linalouma pamoja na homa, mpelekeni kituo cha afya. Akilalamika viungo vinavyovimba na kuhama, leo goti kesho kiwiko, msiseme anakua tu. Apimwe moyo.

Mtu mzima apime presha hata kama haumwi kitu. Akiandikiwa dawa, asiache kwa kuwa amejisikia vizuri.

Mwenye pumzi fupi, miguu inayovimba au anayeamka usiku akitafuta hewa asisubiri hadi mavuno ya karafuu yaishe au shughuli ya harusi ipite. Mama mjamzito mwenye dalili hizo awahi zaidi, kwa sababu mimba humzidishia moyo kazi. Maumivu makali ya kifua yasiyotulia ni ya kwenda hospitali saa ileile.

Aliyekwisha kupewa barua ya Dar es Salaam, kabla ya kusafiri aulize kwa daktari mambo manne. Nguvu ya moyo wangu ikoje kwa sasa? Nikichelewa miezi sita itakuwaje? Valvu ipi inanifaa, na dawa yake nitapimiwa wapi nikirudi? Na gharama, nani atalipa nini? Kwa hili la mwisho ulizeni hospitalini kuhusu rufaa ya serikali, na kwa walio wanachama, kuhusu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Majibu yaandikwe. Anayemsindikiza mgonjwa awe ni mtu anayeweza kuyasoma na kuyakumbuka.

Na yule mzee anayeuliza kwa sauti ya chini barazani, mwambieni hivi: ndiyo, watausimamisha, na wana njia ya kuulinda mpaka uamke. Lakini njia hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kwa moyo uliofika mapema. Kama barua imeshaandikwa, basi cha kuamua jioni hii ni boti ya siku gani.